Kikohozi cha Gari la Taratibu

Benchi lile lilikuwa ubao mrefu uliopigiliwa juu ya vigogo viwili, umeegemea ukuta wa karakana ya fundi mageti, na lilikuwa na kasoro moja iliyozaa sheria. Ncha yake ya mwisho ilikuwa nje ya kivuli, na anayekaa pale jua linampasua utosi. Basi wenyewe walishapatana zamani: kila kahawa mpya ikimiminwa, wote wanasogea nafasi moja, na wa juani anazunguka kwenda kukaa mwanzo, kivulini, ili mateso yagawanywe sawa. Waliizoea sheria ile mpaka makalio yao yakawa yanasogea yenyewe, kichwa hakina habari. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika toka alfajiri, kwa hiyo benchi lilijaa mapema. Alikuwepo Kinyozi, mashine yake ya kunyolea imelala mfukoni bila kazi. Alikuwepo Volti, fundi wa redio na simu, ambaye umeme ukikatika kila kitu chake kinazima isipokuwa mdomo. Na alikuwepo Mzee Ripoti, ambaye hana kazi inayotaka umeme wala isiyotaka, lakini habari za mtaa ule hazimfikii mwenye habari kabla hazijapita kwake.

Mwenzao Taratibu akaja na teksi yake, akaegesha mbele yao, akashuka. Injini akaiacha inanguruma.

— Leo sikai, jamani. Kikombe kimoja cha kusimama, halafu nikamchukue Dada Mkubwa.

— Ndo leo? akauliza Kinyozi.

— Ndo leo, ndugu yangu. Daktari wa macho kaja. Anapokea watu mpaka saa sita mchana. Ikigonga saa sita anafunga mlango, anaondoka zake, na lini atarudi hakuna anayejua.

Wakatikisa vichwa wote. Dada Mkubwa walimjua. Ndiye aliyemlea Taratibu toka mama yao afariki, akamlisha, akamvisha, akamsomesha kwa cherehani. Kisha mtoto wa jicho akaanza kuyaziba yale macho kidogo kidogo, mpaka sasa anaishi kwa kupapasa ukuta na kusikiliza. Juzi alimshika mdogo wake kichwa, akamwambia, "Naambiwa umeota mvi. Nataka nizione mwenyewe, nicheke." Maneno yale yalikuwa bado yamemkaa Taratibu masikioni. Walikuwa wamesubiri muda mrefu jina liitwe, limeitwa, na kazi yake yeye katika jambo zima ilikuwa moja tu: kumfikisha.

Muuza kahawa akamimina. Taratibu hajapiga hata funda la pili, Mzee Ripoti akanyoosha kidole juu.

— Nyamazeni!

Wakanyamaza.

— Mnasikia?

Kho. Kho-kho. Kho.

— Gari lako linakohoa, Taratibu.

Kahawa ikampalia. Gari lake? Lile lililowaka asubuhi kwa kuguswa ufunguo tu, wala halikusita? Akatega sikio. Kweli. Kho-kho. Akakimbia, akaingiza mkono dirishani, akazima. Na injini ilipozimika tu, midomo yote ya benchi ikafunguka kwa pamoja, kama ilivyo desturi yao.

— Hiyo ni moto, alisema Volti. Gari likikohoa, ujue moto haufiki.

— Moto gani wewe? Si lilikuwa linawaka? akauliza Mzee Ripoti.

— Moto wa plagi, mzee wangu. Fungueni boneti nikuonyesheni. Taratibu, fungua.

— Jamani, saa zinakwenda.

— Na likikuzimikia njiani na mgonjwa, hizo saa zitakusubiri?

Hapo ndipo Volti alipomshika. Taratibu alimwona Dada Mkubwa kando ya barabara, katikati ya vichaka, kasimama na pochi yake, haoni mbele wala nyuma, magari yanampita kwa kasi. Akafungua boneti.

Volti akaingiza kichwa, wengine wakaingiza vyao.

— Betri ile pale. Volti kumi na mbili. Ukiishika kwa mikono miwili haikufanyi kitu. Sasa ule umeme unaingia kwenye koili, lile kopo jeusi. Ndani mna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa wee, mizunguko maelfu. Umeme unaingia mdogo. Halafu unakatwa ghafla, pap! Ukikatwa hivyo unatoka na maelfu ya volti.

— Maelfu? Kinyozi alirudi nyuma hatua moja. Toka kumi na mbili?

— Maelfu.

— Acha uongo bwana. Zimetoka wapi hizo nyingine?

— Ndo kazi ya kukatizwa ghafla.

— Mimi nimemwelewa, alisema Mzee Ripoti. Ni kama mama watoto wangu. Mwache aseme, anasema pole pole. Mkatize katikati ya sentensi, uone nguvu anayotoka nayo.

— Umeme ule, akaendelea Volti, unapita waya mnene wa katikati mpaka kwenye hii kofia nyeusi, distributa. Ndani ya kofia kuna kidole kinazunguka. Kinagawa. Wewe chukua, na wewe chukua. Nyaya nne, kila mmoja na plagi yake. Plagi inaruka cheche, petroli inalipuka, pistoni inasukumwa chini, gari linakwenda.

Taratibu alikuwa ameinama. Akainuka taratibu kama jina lake.

— Inafanyaje petroli?

— Inalipuka.

— Humu ndani?

— Sasa wewe ulidhani gari linasukumwa na nini? Maombi?

— Yaani miaka yote hii... Taratibu alishika kichwa. Nimebeba wajawazito humu! Nimebeba maharusi! Nimekaa nao nyuma ya mlipuko?

— Milipuko, alimsahihisha Volti. Mingi kwa dakika moja, hata ukitaka kuihesabu huwezi.

Taratibu aliliangalia gari lake kama mtu aliyegundua kwamba mpangaji wake wa siku nyingi ni jambazi. Alikuwa akiliendesha pole pole kwa kuogopa mashimo na polisi, kumbe cha kuogopa kilikuwa mbele ya magoti yake.

— Mimi siamini, alisema Kinyozi. Umeme hauruki hewani. Nina mashine ya umeme mkononi mchana kutwa, haijaniruka hata siku moja. Huyu anatutia chumvi.

— Huamini?

— Siamini.

Volti akachomoa waya mmoja kutoka kwenye plagi.

— Shika hapa. Ncha yake isogeze karibu na chuma, usiguse. Taratibu, ingia, piga selfu.

— Shika vizuri, alisema Mzee Ripoti. Asije akasema hukushika.

Kinyozi akashika vizuri. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, maana alishika ncha yenyewe. Taratibu akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, na kabla haijamaliza kuzunguka ulisikika mlio mmoja, "Tak!", halafu sauti ya Kinyozi, halafu Kinyozi mwenyewe hayupo. Walimkuta ameketi chini, mgongo kwenye benchi, kiatu kimoja kimemvuka, macho yamemtoka pima.

— Kinyozi! Taratibu aliruka nje ya gari. Ndugu yangu, uko hai?

Kinyozi alifungua mdomo.

— Kuna mtu kanipiga, alisema.

— Hakuna aliyekupiga.

— Kuna mtu mzima kanipiga!

— Si umeona sasa? alisema Volti akirudisha waya kwenye plagi. Moto upo, na unaruka.

Muuza kahawa alikuwa amekumbatia birika lake kama mtoto. Mzee Ripoti alimsaidia Kinyozi kuinuka lakini kwa kumshika shati tu, ngozi hakuigusa.

— Loo! Wenye bahati zao wapo, alilalama Kinyozi akitafuta kiatu. Fundi mageti kajinunulia jenereta la mtumba, saa hizi anapiga kazi huko ndani. Mimi kinyozi mzima napigwa na nyaya barabarani.

— Basi jamani, alisema Taratibu. Kama moto upo, mimi naondoka.

Alikuwa ameshashika mlango. Angeondoka wakati ule, habari hii isingekuwepo. Lakini Mzee Ripoti alikohoa kidogo, akasema kwa upole, na upole wake ndio mbaya:

— Nenda, mwanangu. Ila kikohozi tumekisikia sote. Likilala njiani, usije ukasema benchi halikukwambia.

Mkono wa Taratibu ukaachia mlango. Aliogopa. Mtu akiwa na kitu kimoja tu cha kufanya kwa ajili ya aliyemfanyia yote, anakuwa mwoga mpaka wa kikohozi.

— Sasa tufanye nini?

— Nyaya, alisema Volti. Moto upo lakini nyaya ni chafu, unavuja njiani haufiki wote. Tuzichomoe, tuzisugue ncha, turudishe. Kazi ya mara moja. Nyaya nne, na sisi hapa tuko wangapi? Wanne. Kila mtu achomoe mmoja na autunze mwenyewe. Wa kwanza benchini, silinda ya kwanza. Wa pili, ya pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Wakati wa kurudisha hatugombani.

Walisifu. Jamani, walisifu! Mzee Ripoti alisema akili hiyo inapotea bure kwenye redio mbovu. Wakapanga mstari wa benchi: Mzee Ripoti kwanza, Volti wa pili, Kinyozi wa tatu, Taratibu wa nne kule juani. Kila mtu akaenda akachomoa waya wake, chini kwenye plagi na juu kwenye kofia, akarudi mahali pake akakaa. Kinyozi alichomoa wa kwake kwa kutumia leso, uso kaugeuzia pembeni. Volti akagawa vipande vya msasa. Wakasugua.

Na watu wanne wakikaa benchini wanasugua na kubishana, muuza kahawa anafanya nini? Anafanya kazi yake. Alimimina. Wakanyoosha mikono bila kutazama, wakapokea, wakanywa, na makalio yakafanya yaliyozoea. Taratibu akazunguka kwenda kivulini. Wengine wakasogea.

— Tayari? akauliza Volti.

— Tayari.

— Haya. Wa kwanza, silinda ya kwanza!

Taratibu akainuka, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza. Akachomeka. Wakafuata mmoja mmoja kwa heshima, kama watu wanaotoa rambirambi. Taratibu akaingia ndani, akasema bismillahi, akazungusha ufunguo.

PAAA!

Ule haukuwa mlio wa gari. Moto ulitoka juu ya injini, moshi ukatoka nyuma, na kutoka kwenye bomba la moshi kikaruka kitu ambacho hakuna aliyekiona kikitua. Muuza kahawa alikuwa kifudifudi. Mzee Ripoti alikuwa nyuma ya benchi, na alivyopita kati ya benchi na ukuta, pale ambapo hata paka hapiti, hajapata kueleza. Volti, aliyekuwa ameinamia injini, aliinuka uso mweusi ti, nyusi zimesinyaa.

— Nini hicho? Taratibu alipiga kelele. Volti, nini hicho?

Volti alijipapasa usoni.

— Mlipuko, alisema Kinyozi kwa sauti ndogo. Si alisema humo mna milipuko? Umetoka mmoja.

— Ngojeni, alisema Mzee Ripoti toka nyuma ya benchi. Ngojeni kwanza. Taratibu, wewe si ulikuwa juani?

— Ndiyo.

— Mbona umeinuka wa kwanza?

Wakatazamana. Kila mmoja akaangalia kikombe mkononi mwake, kisha akaangalia chini mahali alipokuwa amekaa, kisha akamwangalia muuza kahawa, ambaye alikuwa anajikung'uta vumbi.

— Ulimimina? Volti alimuuliza.

— Si ndo kazi yangu?

— Tumesogea, alisema Volti. Mama yangu! Tumesogea.

Taratibu akaligeukia benchi. Sheria yao wenyewe! Sheria ya jua! Hawakuwahi kuitilia shaka hata siku moja.

— Si neno, alisema Volti haraka. Tunarudi nyuma nafasi moja, basi. Mzee Ripoti, wewe rudi ya kwanza.

Wakarudisha. Taratibu akapiga selfu, mguu mmoja nje ya mlango. Injini ikazunguka, ikatikisika, ikapiga "Puu!" nyingine, ndogo, ya dharau. Ikafa.

— Plagi ziko sawa sasa, alisema Volti. Itakuwa juu. Kwenye kofia. Mzee Ripoti, juu ulichomeka wapi?

— Shimo lililokuwa mbele yangu.

— Mbele yako umesimama wapi?

— Hapa, kwenye taa.

— Na wewe, Kinyozi?

— Mbele yangu pia. Ila mimi nilisimama upande wa mlango, nilikuwa nataka pa kukimbilia.

— Na mara ya kwanza ulipochomoa, ulisimama wapi?

— Sikumbuki. Nilifumba macho.

Volti aliitazama ile kofia. Mashimo yake yalikuwa yamezunguka duara, moja katikati na manne pembeni, hayana wa kwanza wala wa mwisho. Akalitazama benchi. Akaitazama tena kofia. Uso wake chini ya masizi ulibadilika.

— Benchi limenyooka, alisema. Kofia ni duara.

— Maana yake?

— Maana yake hakuna anayejua wa kwanza ni nani. Halafu kuna jambo jingine, sikutaka kulisema. Moto wenyewe hauendi kwa foleni. Unaruka. Unapiga wa kwanza, halafu wa tatu, halafu wa nne, ndo unarudi wa pili.

— Ati nini? akauliza Taratibu. Kwa nini uruke?

— Ndivyo ulivyo. Injini nyingi zinakwenda hivyo.

— Na kama ulijua, mbona ulitupanga kwa foleni?

Volti akajitia kufuta masizi usoni. Mzee Ripoti, ambaye hapendi nafasi ya jibu ikae wazi, akaingia.

— Unaruka ili injini isichoke upande mmoja. Ukipiga mfululizo huku tu, huku kunachakaa, huku kunanenepa. Nilisikia habari ya gari moja, nyaya zilibadilishwa hivi hivi. Likaanza kwenda kinyumenyume. Mwenyewe akitia gia ya mbele, linarudi. Lilirudi, likarudi, mpaka likafika kwa mtu aliyeliuza.

— Muongo!

— Mtu kanisimulia aliyekuwa ndani.

— Mimi naona nyaya zimekasirika, alisema Kinyozi. Msicheke. Waya umekaa na shimo lake miaka, unaujua moto wake. Leo umekuja umeutia shimo la mwenzake. Hata wewe ungepiga kelele. Tuziache zipumzike.

— Zipumzike lini? Saa sita inakuja! alipiga kelele Taratibu.

— Halafu tukumbuke, Mzee Ripoti akamnyooshea Kinyozi kidole, ule moto uliompiga huyu haujatoka. Uliingia mkononi, tumeuona ukiingia. Umetokea wapi? Nani kauona ukitoka?

Wakamwangalia Kinyozi. Kinyozi akajiangalia. Akaweka mkono kifuani pole pole, akauondoa haraka.

— Umo? akauliza.

— Leo usimguse mkeo, alisema Mzee Ripoti. Na petroli ukae nayo mbali.

Kinyozi akalia. Siyo machozi ya kutoka, ila uso ulikuwa wa kulia kabisa. Wakati wowote mwingine Taratibu angecheka mpaka achoke. Sasa alikuwa ameketi ncha ya juani, kofia ya distributa mapajani, nyaya nne zinaning'inia mikononi kama mizizi, maana katika hasira zake alikuwa amezichomoa zote tena. Alijua Dada Mkubwa amekaa wapi saa hizo. Amekaa kwenye kiti cha mlangoni. Amevaa gauni aliloliweka kwa ajili ya siku hiyo, pasi alipiga mwenyewe kwa kupapasa, na anasikiliza kila gari linalopita kona. Fundi wa magari wa mtaa ule alikuwa kasafiri. Alitaka kwenda barabara kubwa kusimamisha gari lolote, lakini kila akiinuka Volti anamrudisha chini kwa bega. "Mara moja tu, ndugu yangu. Hii ya sasa naijua." Na yeye, mjinga, anakaa.

Hakumsikia akija. Aliyemwona ni muuza kahawa, akaweka birika chini na kusimama. Dada Mkubwa alikuwa anakuja kando ya ukuta, mkono mmoja unapapasa matofali, mwingine umebana pochi kwapani. Kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, kipya.

Benchi zima likasimama.

— Shikamoo, Dada Mkubwa.

— Marahaba. Mdogo wangu yupo hapo?

— Nipo, Dada. Taratibu alisimama, asijue nyaya aziweke wapi. Dada, umekujaje peke yako?

— Nimekaa nimechoka. Nikasema hapa kwenye kelele ndipo alipo. Nimefuata kelele. Akatabasamu. Mbona unanuka petroli hivyo? Tunakwenda?

Taratibu hakuwahi kumficha dada yake kitu, na hata kama angetaka, angeanzia wapi?

— Gari, Dada.

— Lina nini?

— Lilikuwa linakohoa. Nikaogopa lisije likakuzimikia njiani. Tukalifungua tulitazame.

— Mkalitazama.

— Ndiyo.

— Na sasa?

— Sasa haliwaki, Dada. Nisamehe.

Tabasamu lilimtoka Dada Mkubwa usoni. Alibaki ameduwaa, macho yake yenye ukungu yameelekea walipo lakini siyo kwao hasa. Mkono wake ukarudi ukutani, ukaushika. Taratibu alitamani apigwe. Angempiga tu, hata kofi moja, kama zamani alipochafua kitambaa cha mteja, moyo wake ungepata mahali pa kukaa. Lakini mawazo ya Dada Mkubwa hayakuwa kwenye kofi. Alikuwa anasikiliza. Aligeuza kichwa kidogo, sikio moja mbele.

— Mmelizima? akauliza.

— Nini, Dada?

— Gari. Limezimwa?

— Limezimwa. Toka saa ile. Halina hata nyaya, hizi hapa ninazo mkononi.

— Sasa hicho kinachokohoa ni nini?

Kwa mara ya kwanza toka Taratibu azime injini, benchi lilinyamaza.

Kho. Kho-kho. Kho.

Waliliangalia gari. Lilikuwa pale, boneti wazi, limekufa kabisa, na kikohozi kinaendelea. Kinyozi, Mungu amhurumie, aliinamisha kichwa akajisikiliza kifua. Mzee Ripoti, mtu ambaye hajawahi kukosa habari, alikuwa anavitazama viatu vyake kama ndiyo kwanza vimefika mjini. Na Taratibu alibaki vilevile, nyaya mkononi. Gari lake lilikuwa zima. Asubuhi lilikuwa zima, alipofika hapa lilikuwa zima, na wakati anazima ufunguo lilikuwa zima. Angekunywa kikombe chake cha kusimama akaondoka, saa hizi dada yake angekuwa mbele ya daktari.

Dada Mkubwa akaligeuzia sikio ukuta.

Mlango wa bati kwenye ule ukuta ukafunguliwa, akatoka fundi mageti, miwani nyeusi ya kuchomelea juu ya paji la uso.

— Jamani, nyie hamsikii vitu vinavyopasuka hapa? Paa, puu, nimeogopa, nikadhani ni jenereta langu linanilipukia.

Kisha akamwona aliyesimama ukutani.

— He! Mama, si leo ndo unakwenda kwa daktari?

— Ndo leo, mwanangu.

— Sasa bado uko hapa? Saa sita ikufikie barabarani? Aliwaangalia wengine mmoja mmoja, nyusi za Volti, kiatu cha Kinyozi, nyaya za Taratibu. Akamgeukia tena Dada Mkubwa. Pikapu yangu ipo ndani, nashusha geti moja tu naitoa. Ngoja kwanza nizime hili jenereta. Nililiwasha asubuhi na toka hapo linanikoholea tu, sijui limekula nini.

Akaingia ndani.

Kho. Kho-kho. Kh.

Kikohozi kikakatika, mpaka ukasikia kahawa ya mwisho inatulia birikani.

Dada Mkubwa akanyoosha mkono mbele, akapapasa hewani mpaka akalipata gari la mdogo wake. Akalipigapiga kwenye bati, pole pole, kama anayembembeleza mtoto aliyesingiziwa.

— Haya, akawaambia. Limepona.